Mwanza hadi Bukoba: kwa nini kilomita 175 hazirukwi kwa dakika 13

Kazi yangu ni kuandaa mipango ya safari za ndege, na abiria wa Kanda ya Ziwa huniuliza mara kwa mara: ikiwa kikokotoo cha intaneti kinasema Mwanza hadi Bukoba ni dakika 13 angani, kwa nini ratiba inaonyesha dakika 45 au zaidi?

Umbali wenyewe hauna utata. Uwanja wa Mwanza uko takriban nyuzi 2 na dakika 27 kusini mwa Ikweta, nyuzi 32 na dakika 56 mashariki. Wa Bukoba uko nyuzi 1 na dakika 20 kusini, nyuzi 31 na dakika 49 mashariki. Ukitoa, unapata tofauti ya dakika 67 kwa latitudo na dakika 67 kwa longitudo (dakika za nyuzi, si za saa). Kwa kuwa dakika moja ya latitudo ni maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na karibu na Ikweta dakika ya longitudo ina urefu unaokaribia kuwa uleule, safari hii ni ulalo wa mraba, na kanuni ya Pythagoras ya shuleni inatosha kutupatia maili 94 na ushei, sawa na takriban kilomita 175, kuelekea kaskazini-magharibi. Anayekwenda kwa basi kupitia Geita na Biharamulo husafiri zaidi ya kilomita 400, kwa sababu barabara hulizunguka ziwa ambalo ndege hulikatiza.

Kosa liko kwenye mwendo. Kikokotoo hugawanya kilomita 175 kwa mwendo wa jeti, kilomita 800 kwa saa, ilhali njia fupi kama hii huhudumiwa zaidi na ndege za mapangaboi, ambazo zikishatulia angani huenda kama kilomita 500 kwa saa. Hata hizo dakika 21 hazipatikani, kwani sehemu kubwa ya safari ni kupanda na kushuka, na ndege inayopanda huenda polepole zaidi. Tena ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoanza kuondoka kwenye maegesho hadi inaposimama Bukoba, si tangu magurudumu yanapoiacha ardhi.

Halafu kuna ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu huvuma kutoka pande zote kuelekea katikati ya Ziwa Victoria, hewa yenye unyevu hupandishwa juu, na mawingu ya radi huweza kudumu hadi asubuhi, wakati ambapo upepo wa mashariki huyasukuma kuelekea Kagera. Uwanja wa Bukoba una njia ya kurukia ya takriban kilomita moja na nusu, kando kabisa ya maji, na hali mbaya ya hewa hapo si jambo dogo: tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilitumbukia ziwani ilipokuwa ikikaribia kutua, na watu 19 wakafariki.

Ndiyo maana ninapopanga mafuta siishii kwenye maili 94. Mwanza ikiwa ndiyo uwanja wa akiba, yaani wa kutua iwapo Bukoba haiwezekani, naweka ya kwenda, ya kurudi, na ya kuzunguka angani dakika 30 juu ya hayo.