Mhudumu wa saiba aliwezaje kusoma soga zako za Yahoo Messenger?

"Dada, kwa hivyo kaka amekubali kulipa ile karo?" Mhudumu wa saiba moja hapa Kisumu alimuuliza binamu yangu swali hilo mwaka 2005, akimrudishia chenji. Binamu alishtuka. Habari ya karo hakuwa amemwambia mtu, ila aliiandika jana yake kwenye Yahoo Messenger, akichati na kaka yake aliye Marekani. Akarudi kwenye kompyuta ile ile, akabadilisha neno la siri, akaenda nyumbani akiamini amejifungia.

Hakuwa amejifungia. Neno la siri lililinda mlango wa akaunti tu. Ujumbe ukishatumwa ulisafiri wazi kama kadi ya posta isiyo na bahasha, na kila mashine iliyoupitisha ingeweza kuusoma.

Mashine ya kwanza kuupitisha ilikuwa mle mle ndani. Saiba nyingi ziliunganisha kompyuta zao kwa habu, kile kisanduku chenye taa za kijani zinazopepesa. Habu haijui ujumbe ni wa kompyuta gani. Kinachoingia kwa waya mmoja hukitoa kwa nyaya zote, na kila kompyuta inatarajiwa kupuuza kisicho chake. Iliyowekwa programu ya kunasa data haipuuzi kitu, na aliyeketi mbele yake aliweza kuona mazungumzo ya chumba kizima yakimpitia machoni.

Njia ya pili hunisikitisha zaidi. Yahoo Messenger iliweza kuhifadhi mazungumzo kwenye diski ya kompyuta uliyotumia. Ukilifungua faili lenyewe uliona herufi zilizovurugika, ukadhani limefungwa barabara. Kumbe ufunguo ulikuwa jina la akaunti yako: kila herufi ya ujumbe ilichanganywa na herufi ya jina lako kwa hesabu nyepesi, ambayo ukiirudia mara ya pili, herufi ya asili inarejea. Na jina hilo lilikuwa limeandikwa kwenye folda. Ni kama kufunga sanduku la bati la shule halafu kuuacha ufunguo ukining'inia kwenye kufuli.

Ya tatu ni programu iliyojificha na kurekodi kila kitufe unachobonyeza. Kama ilikuwamo kwenye kompyuta ile, basi kubadilisha neno la siri hapo kulikuwa kumkabidhi mwenye programu lile jipya.

Kwa nini vitu vilijengwa hivyo? Soga za kompyuta zilizaliwa vyuoni, kati ya watu walioaminiana. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Illinois kilikuwa na Talkomatic, ambako herufi zilijitokeza kwa mwenzako jinsi ulivyozibonyeza. Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, alitengeneza IRC, mfumo wa vyumba vya soga kwenye mtandao. Humo hata jina halikuwa na mwenyewe: ukitoka, mwingine alilichukua na kuzungumza kana kwamba ni wewe. ICQ, programu nyingine ya kuchati, ilipotoka Israeli mwaka 1996, na Yahoo mwaka 1998, watu waliongezeka kwa mamilioni lakini ujumbe uliendelea kusafiri wazi. Kompyuta za wakati huo zilikuwa nzito kwa kazi ya kugeuza kila ujumbe kuwa fumbo, na hadi Januari 2000 sheria za Marekani zilibana sana uuzaji nje wa programu zenye usimbaji, yaani ugeuzaji huo wa ujumbe kuwa fumbo, wenye nguvu.

Hadi hapo nawaelewa wabunifu. Miaka iliyofuata siwatetei. Mwaka 2004 Nikita Borisov, Ian Goldberg na Eric Brewer walichapisha OTR, mbinu ya kuusimba ujumbe ukiwa bado kwako na kuufumbua kwa mwenzako tu, hata seva ya katikati isiusome. Njia ilikuwepo, ila huduma kubwa hazikuifuata. Mwaka 2014 nyaraka za siri alizofichua Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa majasusi wa Marekani, zilionyesha kwamba shirika la ujasusi la Uingereza, GCHQ, lilikusanya picha za kamera kutoka kwenye soga za video za akaunti zaidi ya 1,800,000 za Yahoo katika miezi sita tu ya mwaka 2008. Hata WhatsApp ilituma ujumbe wazi hadi mwaka 2012, na usimbaji wa mwisho hadi mwisho, ule ambao hata seva haiusomi ujumbe, kwa watumiaji wote ulikamilika Aprili 2016.

Leo habu ile isingemfaa yule mhudumu, kwa kuwa angenasa fumbo tupu. Lakini juzi niliingia saiba kuchapisha barua. Aliyenitangulia alikuwa amefungua WhatsApp yake pale ili atoe faili la kuchapisha, akachukua karatasi zake na kuondoka. Nilipoketi, ujumbe wa mama yake ulikuwa ukiingia mbele yangu. Nilibonyeza kutoka kabla ya kusoma zaidi. Yeye angeweza kuufunga mlango huo kwa simu yake, palipoandikwa "Vifaa vilivyounganishwa".