Ghala katikati ya Marekani halipunguzi nauli ya kila kifurushi

Wauzaji wengi wa mtandaoni huamini kwamba ukipanga ghala Indianapolis, nauli itashuka kwa wateja wote kwa kuwa mji uko katikati ya nchi. Si kweli. Kampuni za usafirishaji hutoza kwa kanda, 2 hadi 8, kufuata umbali kutoka ghalani. Toka Indianapolis, Cincinnati ni kanda ya 2, New York ya 5, lakini San Francisco ni ya 8. Kama wateja wako wengi wako California, umewakimbia.

Anza na misimbo ya posta ya oda za miezi 12. Hesabu oda za kila kanda, zidisha kwa bei ya mkataba wako, ndipo uulize kodi ya ghala.

Nguvu ya Indianapolis ni kwingine: barabara za I-65, I-69, I-70 na I-74 hukutana hapo, na kampuni ya usafirishaji ya FedEx ina kituo kikubwa kwenye uwanja wa ndege. Hata hivyo, uliza gari la mwisho la kuchukua mizigo hufika saa ngapi. Likija saa 9 alasiri, oda za jioni zinalala hadi kesho.

Na boksi, ambalo wengi hulisahau kabisa: la inchi 18 kwa 14 kwa 12 ni inchi za ujazo 3,024. Kampuni hugeuza ukubwa wa boksi kuwa uzito, na hutoza kwa uzito huo ukizidi ule wa mizani. Gawanya kwa 139, kigawanyo cha kawaida cha UPS na FedEx, utalipia ratili 22 hata kama bidhaa ina 9. Hapo hakuna mji utakaokuokoa, punguza boksi.