Hasara ya bwawa haipimwi kwa hekta: makabila ya Marekani na kazi ya kurudisha makazi ya wanyamapori

Ukiuliza bwawa la kufua umeme limeharibu makazi ya wanyama kiasi gani, mara nyingi utatajiwa hekta zilizofunikwa na maji. Ni jibu linalopimika kwa urahisi, na ndiyo maana linapendwa. Lakini mto ukishazibwa, madhara hayakai pale maji yalipotuama. Yanashuka na mto hadi baharini, na yanapanda hadi kwenye vijito vya milimani ambako samaki hawafiki tena. Wapo watu walioliona jambo hili mapema kuliko sisi wataalamu wa ikolojia: makabila ya wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa Marekani, katika bonde la mto Columbia na mito ya jirani. Kazi yao ya miaka zaidi ya 30 inastahili kujulikana kokote ambako mito inafungwa kwa ajili ya umeme.

Columbia ilianza kufungwa kwa mabwawa makubwa ya serikali kuu katika miaka ya 1930. Bonneville lilianza kazi mwaka 1938. Grand Coulee lilikamilika mwaka 1942, likiwa na ukuta wa mita 168 usio na njia yoyote ya samaki, na nyuma yake likatanda ziwa lenye urefu wa kilomita 240 hivi. Juni 1940, kabla maji hayajafunika maporomoko ya Kettle Falls, watu wa makabila mengi walikusanyika hapo siku tatu kuomboleza mahali walipovulia samoni, samaki wanaokulia baharini na kupanda mto kutaga, tangu enzi za mababu. Mwaka 1957 bwawa la The Dalles likazamisha maporomoko ya Celilo, soko na mavuvi ya watu wa mto kwa maelfu ya miaka. Umeme ulipatikana, viwanda vikakua, mashamba makavu yakapata maji. Gharama waliachiwa watu ambao hawakuulizwa.

Sheria iliyobadilisha mambo ilipitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1980. Iliiagiza Bonneville Power Administration, shirika la serikali kuu linalouza umeme wa mabwawa hayo, igharamie ulinzi na urejeshaji wa samaki na wanyamapori walioathirika. Fedha zinatoka kwenye mapato ya umeme wenyewe, kwa hiyo anayewasha taa ndiye anayechangia kulipa deni la mto. Kwa maoni yangu hicho ndicho kipengele chenye busara kuliko vyote katika sheria ile, kwa sababu urejeshaji hautegemei huruma ya mfadhili.

Likabaki swali la kipimo. Njia iliyotumika ni hii: wataalamu huchagua wanyama wachache wa kuwawakilisha wengine. Kwa bwawa la Albeni Falls, lililojengwa Idaho na kukamilika mwaka 1955, baadhi yao walikuwa bata bukini wa Kanada, tai wa kichwa cheupe, kulungu wa mkia mweupe, panya-maji wa Amerika aitwaye muskrati, na ndege mdogo wa manjano anayetaga kwenye vichaka vya kando ya maji. Kila kipande cha ardhi hupewa alama kati ya sifuri na moja kulingana na kinavyomfaa mnyama husika, kisha alama hiyo huzidishwa kwa ukubwa wa eneo. Ekari 100 zenye alama 0.4 zinakuwa vizio 40 vya makazi. Bwawa likionekana limepoteza vizio kadhaa, shirika hudaiwa kuvirudisha kwa kununua ardhi nyingine na kuiboresha.

Makabila ya Kalispel, Kootenai na Coeur d'Alene yaliingia katika kazi ya Albeni Falls bega kwa bega na idara ya wanyamapori ya jimbo la Idaho. Wakalispel, ambao ardhi yao ya kikabila iko kando ya mto Pend Oreille, walianza mwaka 1992 na shamba la mifugo lililoitwa Flying Goose. Kazi inayofanyika kwenye ardhi za aina hiyo haina mbwembwe. Unaziba mitaro iliyochimbwa kukausha udongo, unaweka milango midogo ya kuongoza maji, unapanda mierebi na mipopla kingoni, unang'oa magugu vamizi, na mwaka unaofuata unayang'oa tena. Ardhi oevu ikirudi, bata hurudi wenyewe bila kuletwa na mtu.

Hata hivyo, hesabu ya vizio ilikuwa na tundu kubwa. Ilihesabu ardhi iliyozama pekee. Kilichoharibika kwa namna bwawa linavyoendeshwa kila siku, yaani maji yanavyofunguliwa na kufungwa, hakikuwemo.

Msomaji wa Tanzania ana mfano wake karibu. Bwawa la Kihansi, chini ya milima ya Udzungwa, halikumzamisha chura wa Kihansi. Chura huyo mdogo, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aligunduliwa mwaka 1996 akiishi kwenye majani yaliyolowa kwa rasharasha za maporomoko. Mradi wa megawati 180 ulipoanza kufua umeme kuelekea mwaka 2000, maji mengi yalichepushwa kwenda kwenye mitambo, rasharasha zikakoma, na nyumba yake ikakauka bila hata mita moja kufunikwa na ziwa. Vyura karibu 500 walipelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani, mabomba ya kunyunyizia maji yakafungwa bondeni, na bado mwaka 2009 ilitangazwa kwamba ametoweka porini. Wazao wa wale waliopelekwa ughaibuni walianza kurejeshwa bondeni mwaka 2012. Ukipima Kihansi kwa ardhi iliyozama tu, chura yule hayumo katika hasara.

Kabila la Kootenai la Idaho lilikuwa mstari wa mbele kudai kwamba hasara za uendeshaji nazo zihesabiwe. Ni kabila dogo mno. Septemba 1974, likiwa na watu 67, lilitangaza vita dhidi ya serikali ya Marekani, vita ambavyo havikufyatua risasi hata moja, likidai ardhi na huduma za msingi. Likapewa ekari 12.5. Miaka hiyohiyo, juu yao katika jimbo la Montana, bwawa la Libby lilikuwa linaanza kuutawala mto Kootenai.

Kabla ya Libby, mto huo ulifurika kila majira ya kuchipua theluji ilipoyeyuka milimani. Mafuriko yalikwangua kingo, yakamwaga tope jipya, kisha yakapungua polepole. Mipopla ya kando ya mto hupeperusha mbegu zake wakati uleule maji yanapoanza kushuka. Mbegu hutua kwenye tope tupu lenye unyevu, na mzizi huyafuata maji yanavyozama ardhini siku hadi siku. Bwawa likaizuia ile furiko ili kulinda miji na mashamba, na likaanza kufungua maji mengi wakati wa baridi, umeme unapohitajika zaidi. Mbegu zikawa zinaanguka mahali pasipo na tope jipya. Mipopla mizee ikaendelea kusimama, lakini haikuwa na warithi, na msitu usio na miche ni msitu unaokufa hata kama bado una kivuli. Ukifa, wanapotea pamoja nao ndege wanaoishi kwenye matundu ya miti na tai wanaojenga kwenye vilele. Matuta ya udongo yaliyojengwa na wakulima tangu miaka ya 1920 yalikuwa yameshautenga mto na sehemu kubwa ya uwanda wake. Bwawa likakamilisha utengano huo.

Kuna madhara mengine ambayo jicho haliyaoni. Ziwa lililo nyuma ya ukuta hunasa fosforasi na virutubisho vingine ambavyo zamani vilishuka na mto. Maji yanayotoka chini ya bwawa ni maangavu na ya kupendeza kuyatazama, lakini yana njaa: mwani haba, wadudu haba, samaki wamekonda. Tangu mwaka 2005 Wakootenai na idara ya samaki ya Idaho wamekuwa wakidondoshea mtoni fosforasi ya maji kwa vipimo vya uangalifu mkubwa katika majira ya ukuaji. Wadudu wa majini wakaongezeka, na samaki wakafuata.

Baboti ndiye anayenigusa zaidi. Huyu ni samaki wa maji baridi, umbo lake humkumbusha mtu kambare, na hutaga katikati ya baridi kali, chini ya barafu. Maji ya Libby yalipoanza kutoka kwa wingi wakati wa baridi, tena yakiwa na joto kidogo kuliko ya mto wa asili, baboti alipoteza majira yake ya kuzaa. Uvuvi wake ulifungwa Idaho mwaka 1992, na karibu atoweke kabisa. Kabila lilishirikiana na Chuo Kikuu cha Idaho kujifunza namna ya kumzalisha, kwa sababu ujuzi wa kumfuga haukuwa umekomaa. Mbegu ya wazazi ilitoka kwa baboti wa British Columbia, na kituo kipya cha kabila cha kuzalisha vifaranga kikaanza kazi mwaka 2014. Tarehe 1 Januari 2019 uvuvi wa baboti ulifunguliwa tena, kwa watu wote wa Idaho. Wavuvi wengi waliofurahi siku hiyo si wa kabila hilo.

Stajeoni mweupe, samaki mkubwa wa mto huohuo, bado hajapona. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 80 na jike huchelewa sana kukomaa, kwa hiyo vifaranga vinavyoachiliwa leo vitahitaji miongo kadhaa kabla ya kuzaa. Kabila linavizalisha kila mwaka, huku likijenga upya mashimo ya kina kirefu na visiwa kwenye mto uliokuwa umepanuka na kuwa wa kina kifupi. Hakuna mradi wa miaka mitano unaoweza kumsubiri samaki wa namna hii. Anahitaji watu ambao hawatahama.

Kwenye mto Elwha, katika rasi ya Olympic jimboni Washington, mambo yalichukua njia nyingine: mabwawa yaliondolewa. Bwawa la Elwha lilikamilika mwaka 1913 na Glines Canyon mwaka 1927, yote bila njia ya samaki, ingawa sheria ya jimbo tangu mwaka 1890 ilidai iwepo. Zaidi ya kilomita 110 za mto na vijito vyake zikafungwa kwa samoni. Watu wa Lower Elwha Klallam walikuwa na mkataba wa mwaka 1855 unaowahakikishia haki ya kuvua, lakini samaki wenyewe wakapungua kila mwaka. Walipinga kwa miongo, wakapata washirika, na mwaka 1992 Bunge likapitisha sheria ya kuurejesha mto. Kazi ya kubomoa ilianza Septemba 2011 na kumalizika Agosti 2014.

Watu husimulia kubomolewa kwa kuta kana kwamba hapo ndipo kazi iliisha. Maziwa yalipokauka yaliacha zaidi ya hekta 300 za mashapo matupu, mahali pengine mchanga mkavu na changarawe ambamo mbegu haina pa kushika. Vikosi vya kabila na vya Hifadhi ya Taifa ya Olympic vilipanda mamia ya maelfu ya miche ya asili na kumwaga mbegu kwa tani. Lupini, mmea jamii ya kunde, uliingiza naitrojeni kwenye udongo maskini. Magogo makubwa yalisambazwa juu ya mashapo kwa makusudi: yanaupunguza upepo, yanatunza unyevu, yanaikinga miche dhidi ya midomo ya kulungu, na ndege wakitua juu yake huacha mbegu walizokula kwingine.

Samoni walipoanza kupanda juu, faida yao haikuishia mtoni. Samoni hukulia baharini, akapanda mto na kufia humo, akiwa amebeba virutubisho vya bahari mwilini mwake. Watafiti, akiwemo mtaalamu wa wanyamapori wa kabila, walimchunguza ndege mdogo wa kijivu anayetembea chini ya maji akitafuta wadudu na mayai ya samaki. Wale waliofikiwa na samoni walikuwa na afya bora na walielekea kuzaa zaidi ya mara moja kwa msimu kuliko wenzao waliokuwa juu ya vizuizi. Hekta za ziwa zisingekuonyesha kwamba ndege huyo alikuwa akidhulumiwa na bwawa.

Maji yalipoondoka, mwaka 2012 pia palionekana tena mahali patakatifu ambapo, kwa simulizi za Waklallam, Muumba aliwaumba. Palikuwa chini ya ziwa karibu miaka mia moja. Na Oktoba 2023 kabila lilivua samoni wa koho kwenye Elwha, idadi ndogo iliyopangwa kwa makubaliano, baada ya zaidi ya miaka 10 ya kujizuia kwa hiari ili samaki wapate nafasi ya kurudi.

Grand Coulee halitabomolewa hivi karibuni. Kwa hiyo makabila ya Colville, Spokane na Coeur d'Alene yanajaribu njia ya tatu: kuwarudisha samoni juu ya kuta ambazo bado zimesimama. Tangu mwaka 2019 wamekuwa wakiwaachilia samoni wakubwa katika maji ya juu ya mabwawa, na wamethibitisha kwamba makazi ya kutagia yangalipo. Septemba 2023 serikali kuu ilikubali kutoa dola milioni 200 kwa kipindi cha miaka 20 kwa ajili ya awamu inayofuata. Makubaliano mengine ya mwaka huohuo, yaliyowagusa zaidi samoni wa mto Snake, unaoingia Columbia, yalifutwa na rais Juni 2025. Makabila hayakusimamisha kazi. Mito hiyo bado inazungusha mitambo, na bado kuna hasara za uendeshaji ambazo hazijalipwa.