Ploti ya Pwani: Yanayosemwa na Yalivyo

Likizo ya Desemba ikikaribia, matangazo ya ploti za Pwani ya Kenya huongezeka: Vipingo, Kikambala, Watamu, Diani, Msambweni. Mwenye akiba yake, au chama kilichochanga miaka kadhaa, huanza kupiga hesabu ya vyumba vitatu, bwawa dogo na wageni wa kila wiki. Ndoto hiyo si mbaya. Nyumba ndogo za Pwani zipo zinazolisha familia na kusomesha watoto. Kinachoumiza ni kwamba watu wengi hununua mandhari kabla ya kuichunguza ardhi, na ardhi ya Pwani ina historia yake ambayo mnunuzi wa kutoka bara mara nyingi hajawahi kusimuliwa.

“Hati ipo na sachi imetoka safi, tumemaliza”

Hii ndiyo dhana ghali kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Sachi, yaani upekuzi wa rejista ya ardhi, hukuonyesha nani ameandikwa humo leo, na kama kuna mkopo au zuio. Haikuambii aliyeandikwa alifikaje pale. Zamani wanunuzi walijitetea kwa kusema: nilinunua kwa nia njema, nikalipa, nikapewa hati, makosa ya nyuma hayanihusu. Aprili 2023 Mahakama ya Juu iliufunga mlango huo kwa kiasi kikubwa, na kesi yenyewe ilitoka papa hapa Pwani: Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa. Ploti ilikuwa ufuoni Nyali. Iligawiwa mwaka 1989 kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi, kisha ikauzwa na kuuzwa tena. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta ili kufungua njia ya umma ya kuingia ufuoni. Majaji walisema eneo lile lilikuwa limetengwa kuwa uwanja wa wazi, kwa hiyo ugawaji wa kwanza haukufuata sheria, na hati iliyozaliwa na ugawaji huo haikuweza kumlinda mnunuzi wa mwisho hata kama alilipa pesa zake zote. Kifungu cha 40(6) cha Katiba kinasema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwenye mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Maana yake kwako ni hii: mwambie wakili afuatilie ardhi hadi mwanzo wake. Ilikuwa nini kabla ya kuwa ploti? Nani alipewa kwanza, kwa barua gani, na je, masharti ya barua hiyo yalitimizwa na ada kulipwa kwa wakati? Ramani ya upimaji inaonyesha nini pembeni, barabara au uwanja? Mpango wa mji uliitengea kazi gani? Na mtu akikuletea barua ya kugawiwa peke yake, bila hati, jua kwamba barua hiyo si umiliki. Mahakama zimelirudia jambo hili mara nyingi.

Wakili awe wako, umlipe wewe. Kutumia wakili wa muuzaji “ili kuokoa gharama” ni kujinyima jicho pekee linalokutazamia wewe.

“Shamba ni tupu, hakuna mtu”

Mwaka 1895 Uingereza iliingia mkataba na Sultani wa Zanzibar kuhusu ukanda wa maili kumi wa Pwani. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye dai katika ukanda huo alifikishe na kulithibitisha. Waliokuwa na nyaraka, au waliojua namna ya kudai, wakapata hati. Familia nyingi zilizolima pale vizazi na vizazi hazikupata, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya serikali ya kikoloni. Hapo ndipo palipotoka hali tunayoiona leo Kilifi, Kwale na Mombasa: mwenye hati yuko mbali, pengine hajawahi kufika, na wanaoishi juu ya ardhi hawana karatasi. Kwenye maneno ya dalali wanaitwa maskwota. Huenda babu yao amezikwa hapo.

Kwa hiyo “tupu” lichunguze kwa macho yako. Minazi na mikorosho iliyopangwa kwa mistari haikujipanda. Uliza nani huangua nazi. Pwani mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na wote wawili wakawa na haki ya kusikilizwa. Tazama makaburi, njia ya miguu inayokatiza, kisima kinachotumiwa na jirani. Ikiwa kuna kaya karibu, ile misitu mitakatifu ya Wamijikenda ambayo baadhi yake imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2008, hakikisha mipaka yake kabla ya kushika kalamu.

Sheria nayo inakulazimu uchunguze. Mtu aliyekaa kwenye ardhi ya binafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kwenda mahakamani kudai iwe yake. Haki hiyo, hata ikiwa bado inaiva, humfunga mnunuzi bila kuandikwa popote kwenye rejista. Ndiyo sababu sachi safi na shamba lenye watu ni vitu viwili vinavyoweza kukaa pamoja.

Zungumza na wanaoishi hapo na mzee wa mtaa kabla hujalipa amana, si baada. Mwenye hati akikuzuia kufanya hivyo, hilo peke yake linatosha kukurudisha nyumbani. Na ikiwa watu wapo, makubaliano ya haki nao, yaliyoandikwa na kulipwa, ni sehemu ya bei ya ardhi. Kumwachia muuzaji “awaondoe” ni kununua ugomvi, na ni kumdhulumu mtu ambaye hana pa kwenda.

“Nimenunua nyumba, kwa hiyo nimenunua na chini yake”

Mombasa kuna utaratibu wa miaka mingi wa nyumba bila ardhi: kuta na paa ni za mtu mmoja, kiwanja ni cha mwingine, na mwenye nyumba humlipa mwenye kiwanja kodi ya ardhi. Bei ikionekana nzuri mno kwa mtaa wa mjini, uliza kwanza unauziwa kipi kati ya viwili hivyo. Benki nayo itauliza.

“Ufuo ulio mbele ya ploti ni wangu”

Si wako. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaiweka ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa ya umma. Mvuvi, muuza madafu na watoto wa kijiji wana haki ya kupita hapo sawa na mgeni wako aliyelipa. Kanuni za upimaji pia zinataka kwamba ardhi ya serikali inayopakana na bahari inapopimwa ili igawiwe, ukanda usiopungua mita 60 juu ya alama ya maji kujaa uachwe kwa kawaida. Ukuta ulioingia kwenye ukanda huo ni ukuta unaongoja kubomolewa.

Halafu kuna bahari yenyewe. Nenda ukaione ploti wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji yakiwa yamejaa. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3, na ufuo mpana uliouona wakati wa maji mafu unaweza kubaki mkanda tu. Rudi tena wakati wa kusi, upepo unapochapa na mawimbi kula mchanga. Kujenga ukuta wa kuzuia bahari hakumalizi tatizo: mawimbi yakigonga ukuta huchimba mchanga ulio mbele yake na kwenye ncha zake, na jirani ndiye anayeanza kupoteza ardhi.

Kwa mwenye akiba ndogo, mimi ningechagua safu ya pili au ya tatu kutoka ufuoni, karibu na njia ya umma ya kwenda baharini. Bei ni nafuu, chumvi ni kidogo, na mgeni hutembea dakika chache tu.

“Ujenzi ni ule ule wa popote”

Hapa mafundi wazuri kutoka bara huponzwa. Hewa ya bahari hubeba chumvi, na chumvi hupenya kwenye zege taratibu mpaka ikaifikia nondo. Nondo ikishika kutu, ile kutu hutaka nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa, nayo husukuma zege mpaka lipasuke. Tazama chini ya roshani za majengo yaliyo karibu na maji: utaona mistari mirefu ya nyufa yenye madoa ya kahawia, na mahali pengine nondo iko nje kabisa. Hilo halitibiwi kwa rangi.

Kinga yake huwekwa siku ya kumwaga zege. Upande unaopigwa na upepo wa bahari, nondo zifunikwe kwa zege la milimita 50 hivi, na vijipande vya zege viwekwe ili zisiegemee mbao. Mchanga wa ufuoni usikanyage kazini, wala maji ya kisima chenye chumvi yasichanganyie saruji. Simama hapo siku hiyo au mlipe mhandisi asimame kwa niaba yako. Misumari, bawaba, vitasa na mashine za kupoza hewa navyo viwe vya kuhimili chumvi, la sivyo utavinunua tena na tena.

Maji ni jambo ambalo matangazo hulipita kwa maneno mawili, “kisima kipo”. Chini ya ardhi ya Pwani maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini, kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 nyingine chini yake. Ukivuta hadi ukaishusha ile mita 1, chumvi inaweza kupanda mita 40 kukufuata. Ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu huharibika baada ya majirani watano kuchimba vyao na kujaza mabwawa. Peleka sampuli maabara mwishoni mwa kiangazi, na pima chumvi pamoja na uchafu wa vyoo, kwa sababu mwamba wa matumbawe una matundu mengi na maji ya shimo la choo husafiri ndani yake. Kuchimba kisima kirefu kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

“Nyumba ndogo haina haja ya vibali”

Inavihitaji: idhini ya kaunti chini ya sheria ya mipango ya ardhi ya 2019, kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mji Mkongwe wa Lamu una ulinzi wa ziada wa urithi. Ploti iliyokatwa kutoka shamba la kilimo inahitaji kwanza ridhaa ya bodi ya ardhi, na bila ridhaa hiyo mauzo ni batili. Ikiwa muuzaji ana mke au mume, ridhaa yake nayo iwe kwa maandishi.

Kwa asiye raia, Katiba inampa umiliki wa muda tu, usiozidi miaka 99. Kufungua kampuni hakubadilishi kitu, kwa sababu kampuni huhesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa na raia kikamilifu.

“Ikishaisha itajilipa yenyewe”

Chukua mfano wa hesabu tu. Nyumba inalaza wageni kwa Sh8,000 kwa usiku. Dalali atazidisha kwa siku 365 akupe Sh2,920,000. Tuseme imepata wageni usiku 146, yaani asilimia 40 ya mwaka: hiyo ni Sh1,168,000. Toa mlinzi, msafishaji, stima, maji ya boza kisima kikikauka, kamisheni ya tovuti ya kuwekea nafasi, na kupaka rangi mara nyingi kuliko ungefanya bara. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na riba ya mkopo.

Pwani ina msimu wake. Desemba, Pasaka na Agosti hujaa. Aprili hadi Juni, mvua ikinyesha, nyumba hukaa kimya. Na kuna miaka ambayo msimu haukuja kabisa: ghasia za baada ya uchaguzi za 2007/2008, mashambulizi ya Mpeketoni, Lamu, ya 2014, na 2020, ndege za abiria za kimataifa ziliposimamishwa kuanzia Machi hadi mwisho wa Julai. Mradi usioweza kuvumilia mwaka mmoja bila wageni usijengwe kwa mkopo.

Kupangisha familia kwa mwezi huingiza kidogo lakini hutulia. Kodi ya serikali kwa nyumba za kuishi zinazopangishwa ni asilimia 7.5 ya pato lote tangu Januari 2024, kwa anayeingiza kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, bila kutoa gharama. Wageni wa siku chache ni biashara ya utalii: kuna leseni ya mamlaka ya utalii na tozo ya asilimia 2.

“Nikikwama nitauza tu”

Ardhi ya Pwani haiuziki upesi kama inavyonunulika. Unaponunua ploti ya Sh3 milioni mjini, ushuru wa stempu wa asilimia 4 ni Sh120,000 ambazo hazirudi. Unapouza, faida hukatwa asilimia 15, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 5 mwanzoni mwa 2023. Wakili wa mnunuzi wako naye atataka historia yote ile, vibali na ramani. Faili lako ndilo litakaloamua kama mauzo yatachukua miezi mitatu au miaka mitatu. Hifadhi humo pia risiti za saruji, za mafundi na za wakili, kwa kuwa gharama zenye ushahidi huondolewa kabla faida haijatozwa kodi, na zisizo na risiti hazihesabiwi.