Kuipima seva ya Linux kwa mzigo kabla ya kuikabidhi hesabu za watu

Kompyuta inayozima ghafla ni afadhali kuliko ile inayokosea hesabu huku inaendelea kuwaka. Ya kwanza itakufanya umwite fundi siku hiyohiyo. Ya pili inaweza kuandika salio lisilo sahihi la mwanachama wa SACCO, au kuharibu faili la majibu ya maabara, kisha nakala ya akiba ya usiku ikalibeba kosa hilo na kulitunza kama ukweli. RAM mbovu, diski iliyochoka na prosesa inayochemka hazijionyeshi mtambo ukiwa umepumzika. Hujitokeza kazi inapozidi, na hiyo ndiyo siku ambayo huna nafasi ya kuvumilia hitilafu.

Makala haya ni kwa wale wanaotunza seva za Linux katika shule, vituo vya afya, SACCO na ofisi za wilaya hapa Uganda, ambako mara nyingi mtu mmoja ndiye fundi na ndiye msimamizi wa mfumo mzima. Amri zilizomo ni za Ubuntu na Debian.

Jambo la kwanza tunalosisitiza ni mahali. Usiipime seva dukani au kwenye meza ya fundi yenye hewa nzuri halafu ukaihamishia kwenye kichumba kisicho na dirisha nyuma ya ofisi ya mhasibu. Ipime palepale itakapofanyia kazi, ikiwa imechomekwa kwenye UPS yake (betri inayoshikilia umeme ukikatika), mlango ukiwa umefungwa kama utakavyofungwa usiku. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na ya pwani, kwa hiyo feni ileile huondoa joto pungufu kuliko ingekuwa pwani. Ongeza vumbi la murram la kiangazi, au joto la Arua mwezi wa Februari, na utaona kwa nini kipimo cha dukani hakitoshi.

Sakinisha zana kwa mara moja:

sudo apt install stress-ng lm-sensors smartmontools memtester nut-client nut-server

Programu kuu hapa ni stress-ng, iliyoandikwa na Colin Ian King. Inaweza kuibebesha mzigo prosesa, RAM, diski na kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe. Baada ya kusakinisha, endesha sudo sensors-detect na ukubali majibu yake ya kawaida kwa kubonyeza Enter, isipokuwa swali la mwisho la kuongeza moduli kwenye /etc/modules, ambalo ulijibu yes, ili vipima joto vya bodi vitambulike.

Jaribio la kwanza ukae nalo

Usikimbilie kuliacha lijiendeshe. Mara ya kwanza kaa mbele ya mtambo kwa dakika 30. Katika terminali moja fungua watch -n 5 sensors, na katika nyingine:

stress-ng --cpu 0 --verify --timeout 30m --metrics-brief

Sifuri baada ya --cpu maana yake ni kutumia prosesa zote zilizopo. Neno --verify ndilo lenye uzito kuliko yote, kwa sababu linaiagiza programu ikague majibu ya hesabu zake badala ya kuchosha mtambo tu. Bila hilo utapima joto na kuukosa uongo.

Sasa itazame namba ya joto inavyopanda, kwa sababu mwendo wake unasema mengi kuliko kilele chake. Katika mtambo usio na hitilafu, joto huruka haraka dakika ya kwanza, kisha hupanda polepole kwa dakika 15 au 20 wakati chuma cha kupozea na hewa ya ndani ya kasha vinapata moto, halafu hutulia. Ndiyo maana jaribio la dakika tano halina thamani: linaisha kabla kasha halijapata joto. Ikiwa namba inaruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache tu, tatizo liko pale chuma kinapogusa prosesa. Pesti ya joto imekauka au skrubu zimelegea. Ikiwa inapanda polepole bila kutulia hata baada ya nusu saa, tafuta vumbi, feni iliyochoka, au chumba kisicho na njia ya hewa moto kutokea. Hayo ni matengenezo mawili tofauti kabisa, na ni hasara kununua feni wakati kinachohitajika ni pesti.

Nyuzi 65 hadi 80 za Selsiasi chini ya mzigo kamili ni hali nzuri kwa mitambo mingi. Prosesa nyingi za Intel hujipunguzia kasi zinapokaribia nyuzi 100, na hufanya hivyo bila kumwambia mtumiaji. Namba ya mara zilizojipunguza unaipata hapa:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/package_throttle_count

Isome kabla na baada ya jaribio. Ikiwa imeongezeka, wafanyakazi wanaolalamika kwamba mfumo huwa mzito alasiri wana haki.

Skripti

Jaribio la dakika 30 likishapita salama, andika /usr/local/sbin/jaribio-mzigo na uipe ruhusa ya kuendeshwa kwa chmod 755:

#!/bin/bash
set -u
if ! upsc ups@localhost ups.status 2>/dev/null | grep -qw OL; then
  echo "UPS haipo kwenye umeme wa gridi"; exit 75
fi
mwanzo=$(date '+%F %T')
folda=/var/log/jaribio/$(date +%F-%H%M)
mkdir -p "$folda"
smartctl -A /dev/sda > "$folda/diski-kabla.txt"
(while sleep 30; do date +%T; sensors; sync; done) > "$folda/joto.txt" &
kipima=$!
stress-ng --cpu 0 --vm 1 --vm-bytes 60% --verify --timeout 60m --metrics-brief --log-file "$folda/mzigo.txt"
jibu=$?
kill "$kipima"
smartctl -A /dev/sda > "$folda/diski-baada.txt"
journalctl -k -p warning --since "$mwanzo" > "$folda/kerneli.txt"
logger -n 192.168.1.20 -P 514 -T "jaribio $(hostname) jibu=$jibu"
exit "$jibu"

Mistari ya mwanzo inauliza UPS kama umeme upo. Neno OL humaanisha UPS iko kwenye umeme wa gridi. Betri ikiwa inachajiwa utaona OL CHRG, ndiyo sababu tunatafuta neno ndani ya jibu badala ya kulilinganisha jibu zima. Hakuna faida ya kumaliza betri kwa jaribio wakati umeme umekatika. Lakini kama UPS yako haina kebo ya USB, au NUT (programu inayozungumza na UPS) haijasanidiwa, ondoa mistari hiyo mitatu, la sivyo jaribio litakataa kuanza kila wiki.

Usiongeze set -e. Itaisimamisha skripti pale tu stress-ng inaporudisha kosa, na utapoteza ripoti ya diski na ya kerneli siku unayoihitaji zaidi.

Asilimia 60 ya RAM si namba ya kubahatisha. Ukipanda hadi 90 na zaidi, kerneli itaanza kuua programu ili ipate nafasi, na inaweza kuichagua hifadhidata yako badala ya jaribio. Mstari wa logger unatuma jibu kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ndani yenye rsyslog (programu ya kukusanya logi) inayopokea kwa TCP. Badilisha anwani hiyo iwe ya kwako. Mtambo ukiganda, jibu halitafika, na kutofika huko ndiko habari yenyewe.

Utaona hatukuweka mzigo wa kuandika kwenye diski. Fanya hesabu: SSD inayoandika MB 300 kwa sekunde, kwa saa nzima, imeandika zaidi ya TB 1. Kila wiki kwa mwaka ni zaidi ya TB 52. Ziko SSD za GB 240 ambazo mtengenezaji amezipa ukomo wa TB 80, kwa hiyo jaribio lako lingeimaliza diski kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Kuandika kwa wingi kufanywe mara moja tu, siku ya kupokea mtambo, kabla ya data yoyote kuingia:

stress-ng --hdd 2 --hdd-bytes 4G --verify --temp-path /srv/jaribio --timeout 20m

Tengeneza folda hiyo kwanza. Baada ya hapo iachie diski ijipime yenyewe kwa smartctl -t long /dev/sda, ambayo husoma tu.

Taima

Faili la /etc/systemd/system/jaribio-mzigo.service:

[Unit]
Description=Jaribio la mzigo la kila wiki
[Service]
Type=oneshot
Nice=19
MemoryMax=75%
ExecStart=/usr/local/sbin/jaribio-mzigo

Na jaribio-mzigo.timer kando yake:

[Timer]
OnCalendar=Sat 22:00
[Install]
WantedBy=timers.target

Kisha sudo systemctl daemon-reload, na sudo systemctl enable --now jaribio-mzigo.timer. Wengi huwasha faili la service badala ya la timer, halafu wakashangaa kwamba Jumamosi haikutokea kitu. Thibitisha kwa systemctl list-timers.

Mafunzo mengi yatakwambia uongeze Persistent=true. Kwa mazingira yetu tunashauri usiongeze. Maana yake ni kwamba saa ya jaribio ikipita mtambo ukiwa umezimwa, jaribio litaanza mara utakapowashwa. Umeme ukikatika Jumamosi usiku na ukarudi Jumatatu asubuhi, seva itaanza kujichosha wakati foleni ya wateja imejaa dirishani. Bora wiki moja ipite bila kipimo.

Angalia pia saa za mtambo kwa timedatectl. Seva nyingi husakinishwa zikiwa kwenye UTC, na hapo 22:00 ni saa saba usiku kwa saa za Uganda. Rekebisha kwa timedatectl set-timezone Africa/Kampala. Nakala ya akiba iishe kabla ya jaribio kuanza, kamwe zisipishane.

Kusoma jibu

Sifuri ni salama. Namba 2 kutoka stress-ng ni kwamba jaribio moja au zaidi limefeli, pamoja na hesabu kutolingana. Isimamishe seva kazini siku hiyo, usisubiri wiki ijayo. Namba 3 ni ukosefu wa rasilimali, kwa kawaida RAM haikutosha. Si lazima iwe hitilafu ya chombo. Namba 75 ni yetu wenyewe: umeme haukuwapo.

Hesabu zisipolingana, endesha sudo memtester 2G 3, ambayo hurudia vipimo kwa mizunguko mitatu. Kosa likirudi kwenye anwani ileile katika mizunguko ya uendeshaji huohuo mmoja, huenda kipande cha RAM kina ubovu. Anwani zikibadilikabadilika, shuku mguso mchafu, joto, au pawa saplai. Chomoa vipande, safisha miguso, rudisha kimoja kimoja na upime kila kimoja peke yake. Kwa kuwa memtester haiwezi kuigusa sehemu inayotumiwa na kerneli, hukumu ya mwisho itolewe na Memtest86+ iliyowashwa kutoka kwenye flashi; toleo la 6 na yanayofuata huwaka pia kwenye mitambo ya UEFI.

Mtambo ukijizima mara tu mzigo unapoanza bila kuacha hata neno kwenye logi, anza na umeme. UPS ya VA 650 mara nyingi hubeba wati 360 hadi 390 tu, na skrini, swichi na printa vikichomekwa humohumo, nafasi inayobaki ni ndogo. Printa ya leza haitakiwi kabisa kwenye UPS. Ili uweze kusoma kilichotokea kabla ya kuzima, tengeneza folda ya /var/log/journal mapema na uwashe upya systemd-journald. Baadaye journalctl -b -1 -k itakuonyesha maneno ya mwisho ya kerneli.

Kwenye ripoti za diski, linganisha kabla na baada kwa diff. Mistari namba 5, 197 na 198 (sehemu za diski zilizoharibika au zisizosomeka) ikiongezeka, hamisha data na ununue diski nyingine. Namba 199 (makosa ya mawasiliano kati ya diski na bodi) ikiongezeka peke yake, badilisha kebo ya SATA kwanza, kwa sababu mara nyingi diski haina kosa. Diski za NVMe hazina namba hizo. Hapo tazama mstari wa makosa ya uadilifu wa data na asilimia ya uhai iliyokwisha kutumika.

Weka kipimajoto cha kawaida cha ukutani chumbani na uandike namba yake pamoja na ripoti ya kwanza. Tofauti kati ya joto la chumba na joto la prosesa ndiyo ya kufuatilia mwezi hadi mwezi. Ikiwa ilikuwa nyuzi 45 mwezi wa Novemba na imefika 58 mwishoni mwa kiangazi, fungua kasha, toa vumbi kwa brashi laini na kipuliza hewa huku feni umeishikilia isizunguke, kisha rudia jaribio lilelile la dakika 60, jioni hiyohiyo, na uandike namba mpya chini ya ile ya zamani.