Kiwewe Kisichoisha: Maswali Kuhusu Matibabu

Nilinusurika ajali. Miezi imepita, bado naiota usiku, na mchana nashtuka kila breki inapolia. Je, huu ni ugonjwa?

Kushtuka na kukosa usingizi siku za mwanzo ni kawaida, na wengi hutulia wenyewe. Hali hiyo ikizidi mwezi mmoja na kukuvurugia kazi au maisha ya nyumbani, huenda ni mfadhaiko wa baada ya kiwewe, yaani jeraha la akili linaloachwa na tukio la kutisha. Unatibika.

Matibabu yanaanzia wapi?

Kwenye tiba ya mazungumzo, na mtaalamu aliyesomea kutibu kiwewe. Katika tiba ya kukabili hofu, unasimulia tukio tena na tena, kisha unayarudia kidogo kidogo yale unayoyakwepa, kama kupanda gari. Huchukua vikao 8 hadi 15. Nyingine, ya vikao 12 hivi, huyapima mawazo yaliyoganda kichwani, mfano "mimi ndiye niliyewaponza wenzangu". Ipo pia tiba aliyoibuni mwanasaikolojia Francine Shapiro mwaka 1987: unalikumbuka tukio huku macho yakifuata kidole cha mtabibu kinachokwenda huku na huku.

Kwa nini nichokonoe kidonda? Si bora nisahau?

Karibu kila mgonjwa huuliza hivi, na ana haki. Lakini kukwepa hukupa nafuu ya saa moja tu, kisha hofu inarudi na nguvu mpya. Ukiacha kupanda gari, ubongo haupati nafasi ya kujifunza kwamba breki iliyolia leo si ile ajali. Ukisimulia mahali salama, kumbukumbu haifutiki, ila inapoa. Inakuwa jambo lililopita. Vikao vya mwanzo vinaweza kukuumiza. Mweleze mtaalamu mpunguze mwendo, usikimbie.

Na dawa?

Zinazotumika zaidi ni setralini, paroksetini na venlafaksini. Huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha kazi, na usiziache ghafla hata ukijisikia vizuri. Diazepamu na jamii yake hutuliza kwa muda, lakini hazitibu kiwewe, na mwili huzizoea. Pombe ni vilevile.

Anayeumwa ni mke wangu. Nimsaidieje?

Usimwambie "sahau". Akihangaika na jinamizi usimtikise. Mwite jina lake kwa upole ukiwa umbali kidogo, mpaka ajue yuko wapi. Akitaja kujiua, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.