Antaktika: wanachimba nini hasa juu ya barafu ya bahari?

Wengi wakiona picha ya mtambo umesimama juu ya barafu ya McMurdo Sound, ghuba ya Antaktika, hudhani kinachotafutwa ni barafu yenyewe. Wanaochimba barafu wapo, lakini wako mbali, bara; pale Dome C walifikia barafu yenye umri wa miaka 800,000. Huku baharini barafu ni sakafu ya kusimamia tu. Bomba linaipenya, linashuka ndani ya maji mpaka chini, ndipo keekee inaanza kukata mashapo na miamba. Shimo la tatu la mradi wa Cape Roberts, mwaka 1999, lilikwenda mita 939 chini ya sakafu ya bahari na kufikia mashapo ya miaka milioni 34 hivi. Barafu haikupeleki huko.

“Barafu ya mita mbili itabebaje mtambo wote ule?” Inabeba, maadamu imeshikana na pwani na bado ni ngumu, kama Oktoba na Novemba. Inapanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, ilhali bomba limekazwa chini, kwa hiyo mtambo lazima ufidie tofauti hiyo muda wote. Cha kuogopa zaidi ni dhoruba. Mwaka 1997 barafu ilimeguka karibu na mtambo, kazi ikakatishwa kwenye mita 148 tu.

Kwamba meli ingefaa zaidi? Meli hutikisika, na sampuli nyingi hupotea. Shimo la CIROS-1, lililochimbwa mwaka 1986 juu ya barafu, lilitoa sampuli za asilimia 98 ya mita zake 702.

Wengine wanasema utafiti ni kisingizio cha mafuta. Itifaki ya Madrid ya mwaka 1991 imepiga marufuku shughuli za madini huko, isipokuwa utafiti wa kisayansi.

Dhana ninayoiona nzito kuliko zote ni kwamba kule kumekuwa barafu tupu tangu na tangu. CIROS-1 ilitoa jani la Nothofagus, mti ambao jamaa zake bado wanaota New Zealand na Chile. Mwaka 2006 wachimbaji wa mradi wa ANDRILL walitoboa barafu inayoelea yenye unene wa mita 80 na ushee, na kwenye mashapo ya chini wakakuta makumi ya mita za maganda ya dayatomu, mwani mdogo mno wa majini. Viumbe hao huishi kwa mwanga wa jua, kwa hiyo wakati ule bahari ya hapo ilikuwa wazi.